Kutembea ukingo wa Ziwa Tanganyika kwa vipande, Kibirizi hadi Mwamgongo: maswali tunayoulizwa kila msimu

Sisi ni kikundi kidogo cha watembeaji wa Kigoma mjini. Hatuna ofisi wala sare. Maswali haya tumeulizwa mara nyingi mno, kwenye simu, kwenye mabenchi ya stendi na hata misibani, mpaka tukaona heri tuyaandike. Jibu likigusa jambo lililoelezwa pengine, tutakuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Mwanzo kabisa

Njia yenyewe ni ipi?

Ni mlolongo wa njia za miguu zinazofuata ziwa kuelekea kaskazini: Kibirizi, Kalalangabo, Mtanga, kisha Hifadhi ya Taifa ya Gombe, na kutokea Mwamgongo upande wa pili wa hifadhi. Ukienda hivyo ziwa linakuwa mkono wako wa kushoto siku zote, na mkono wa kulia kuna milima inayopanda ghafla, maana uko kwenye ukingo wa Bonde la Ufa.

Hakuna kibao wala rangi kwenye mawe. Njia hizi zilikuwepo kabla yetu. Ni za wakulima wa mihogo, wanafunzi, na wanaoshusha mikungu ya chikichi kichwani. Sisi tumeziunganisha tu kwa miguu.

Tuseme pia ukweli ambao wengine huuficha: msitu hauanzi Kibirizi. Vipande viwili vya kwanza ni mashamba, michikichi, nyasi na miti iliyobaki mabondeni. Msitu wenyewe, ule wa kufunika jua, uko ndani ya Gombe. Ila ukianza kwa kutembea nje ndipo unaelewa kwa nini Gombe inaonekana kama kisiwa cha kijani ukiitazama kutoka majini.

"Kwa vipande" maana yake nini?

Maana yake hulali njiani wiki nzima. Unatembea sehemu moja leo, unarudi mjini kwa boti, na mwezi ujao unaanzia pale ulipoishia. Wapo waliomaliza kwa miezi mitatu, na yupo mwenzetu mwaka wa nne huu hajafika Mitumba, kaskazini mwa Gombe. Hatumsemi.

Jambo linalofanya mtindo huu ufae hapa kwetu ni ziwa. Mlimani ukichoka katikati huna budi kurudi kwa miguu ile ile iliyochoka. Huku unashuka ufukweni, unakaa kivulini na kusubiri boti. Ziwa ndiyo barabara ya kurudia, na usipoelewa ratiba ya boti hujaielewa njia. Ndiyo maana sehemu ya boti hapa chini ni ndefu kuliko ya viatu.

Ni kama ile njia ya Rwanda kando ya Ziwa Kivu?

Hapana. Ile ya Congo Nile ina kilomita 227, kutoka Rubavu hadi Rusizi, na iliandaliwa rasmi kwa watembeaji. Marekani nako, jimbo la Minnesota, kuna njia ya msituni inayofuata Ziwa Superior kwa takriban kilomita 500, na watu wengi huitembea kwa vipande kwa miaka. Yetu ni fupi sana ukilinganisha na hizo, na haijaandaliwa na mtu. Ukitaka vibao, nenda Rwanda. Ukitaka kuuliza njia kwa bibi anayemenya mihogo, njoo huku.

Vipande ni vingapi?

Sisi tunahesabu vinne. Cha kwanza ni Kibirizi hadi Kalalangabo, nusu siku kwa mtu wa kawaida. Cha pili ni Kalalangabo hadi Mtanga. Hiki ndicho kinachochosha, kwa sababu pale mawe yanapofika majini njia hupanda mlima, ikashuka, ikapanda tena, na kwenye jua la saa saba hakuna pa kujificha. Cha tatu ni mabonde ya Gombe kuzunguka Kasekela, kambi ya hifadhi, na hiki kinastahili siku mbili. Cha nne ni Kasekela hadi Mitumba na kutokea Mwamgongo.

Nianze na kipi?

Kila mtu anataka kuanza na cha tatu kwa ajili ya sokwe. Tunakushauri uanze na cha kwanza. Ni rahisi kukiacha katikati, uko karibu na mji, na utajua kama viatu vyako vinafaa kabla hujalipia hifadhi. Mkamia maji hayanywi. Tumeona watu wametoka Dar es Salaam kwa treni wakiwa na ratiba ya kumaliza kila kitu kwa siku mbili, wakaishia kulala Kalalangabo na malengelenge.

## Boti

Boti za abiria napata wapi, na saa ngapi?

Kibirizi, ufukweni, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka katikati ya mji. Ni boti za mbao zenye injini, na ndizo basi za vijiji vya kaskazini. Mwendo wake unafuata soko: asubuhi na mapema zinaleta watu na mizigo mjini, mchana zinarudi vijijini. Saa kamili hutegemea abiria, mzigo na hali ya ziwa, kwa hiyo uliza siku moja kabla, tena umuulize nahodha mwenyewe. Kijana anayekushika mkono ukishuka kwenye bodaboda atakuambia "inaondoka sasa hivi" hata kama injini bado iko nyumbani kwa fundi.

Kwa mtembeaji, ratiba hii ina maana moja kubwa. Ukitembea kutoka mjini kwenda kaskazini na kufika kijijini saa tisa alasiri, boti ya kukurudisha mjini siku hiyo huenda imeshapita tangu asubuhi. Una njia mbili: ulale uondoke alfajiri, au ugeuze safari, yaani upande boti ya mchana uende kijijini, ulale, kisha asubuhi utembee kurudi kusini. Sisi siku hizi tunafanya hivyo kwa kipande cha pili. Unaanza na baridi ya asubuhi, na kila hatua inakusogeza nyumbani.

Jumapili usitegemee boti.

Ziwa likichafuka?

Unasubiri. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali lilipo refu zaidi kwenda chini. Duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Kwa urefu linafikia karibu kilomita 670, kwa hiyo upepo wa kusini ukishika kiangazi unapata uwanja mpana wa kujenga mawimbi kabla haujafika Kigoma. Mei hadi Agosti ndiyo miezi ya kuuheshimu. Asubuhi maji yanaweza kuwa kama kioo na saa nane boti zote zikawa zimevutwa mchangani.

Mwaka mmoja tulikuwa watano Mtanga, kila mtu ana kazi kesho yake, na nahodha akakataa kutoka. Tulimlaumu, tukamwongezea nauli, mmoja wetu akathubutu kumwambia ni mwoga. Mzee akatazama ng'ambo, akasema, "Nyie mna kazi kesho, mimi nina watoto kesho," akaenda kulala. Usiku ule paa la nyumba tuliyolala liligonga mpaka alfajiri. Tangu siku hiyo hatubishani na nahodha. Yule wa kumkwepa ni anayekubali haraka.

Vaa jaketi okozi, na kama boti haina, kodi au nunua lako mjini. Simu na pesa viweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, maana hata ziwa likiwa tulivu utamwagiwa maji.

Vipi kuhusu meli ya Liemba?

Usiipange kwenye kipande chochote kati ya hivi vinne. Njia yake ya kihistoria inaelekea kusini, na kwa ratiba yoyote ya meli uliza bandarini. Tunaitaja kwa sababu ya kitu kimoja kinachotufurahisha. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwa vipande hadi Kigoma na kuungwa upya hapa, ikaingia majini mwaka 1915. Kwa hiyo anayetucheka kwamba tunakwenda vipandevipande, mwonyeshe meli.

## Msimu na mzigo

Mwezi gani unafaa?

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Septemba njia ni kavu, ila upepo upo (tazama swali la ziwa kuchafuka). Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili, na hapo udongo wa kwenye miteremko unateleza kama sabuni. Wengine hupenda mvua kwa sababu vilima vinakuwa kijani na hewa safi hadi unaiona milima ya Kongo ng'ambo. Ukichagua hivyo, beba fimbo na usione aibu kushuka kwa makalio.

Kiangazi kina adui wake: upupu. Maganda yake yakikauka, manyoya madogo hupeperuka na kukuwasha mpaka utake kujitupa ziwani. Vaa suruali na mikono mirefu, usishike mmea usioujua, na ukipata usijikune. Wenyeji hupaka majivu au udongo na kuusugua. Kwetu imesaidia mara nyingi, si mara zote.

Nibebe nini?

Kidogo. Maji lita tatu kwa kipande cha pili, kofia, koti la mvua, tochi, kitambaa, sabuni, na chakula kisichohitaji jiko: mihogo ya kuchemsha, karanga, ndizi. Hema si lazima mpaka uamue kulala Gombe nje ya nyumba. Noti ndogondogo ni muhimu kuliko pawabenki, kwa sababu muuza chapati wa Mtanga hana chenji ya elfu kumi.

Viatu: raba yenye meno, izoeleke mguuni kabla ya safari. Sehemu nyingi za ufukwe ni kokoto, na kokoto zikikaa ndani ya ndala kwa saa nne utajua.

Maji ya ziwani yanaonekana safi. Ninywe? Nioge?

Ukitaka kunywa, chemsha kwanza au tumia vidonge vya kusafishia maji. Kuonekana hadi chini hakumaanishi kitu. Kipindupindu kimeshapita kwenye fukwe hizi.

Kuoga ni suala la mahali. Kichocho kipo kwenye fukwe za vijiji, hasa maji yaliyotulia na yenye majani karibu na watu wengi. Ufukwe wa kokoto wenye mawimbi, mbali na kijiji, una hatari ndogo, ila hatuwezi kukuambia haina kabisa. Ukishaoga, wiki kadhaa baadaye ukasikia homa au tumbo lisiloeleweka, mwambie mhudumu wa afya kwamba uliingia ziwani. Kuhusu mamba, waulize wavuvi wa ufukwe huo huo, siku hiyo hiyo.

## Vijijini

Nahitaji ruhusa kupita?

Kwa kupita tu mchana, salamu inatosha. Kwa kulala, fika kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa mtendaji, jitambulishe, andika jina kwenye kitabu cha wageni. Tuko karibu na mpaka, na mtu mwenye begi kubwa mgongoni asiyejulikana atokako huleta maswali ya haki kabisa. Beba kitambulisho.

Salimia kwanza kabla ya kuuliza njia. Kiswahili kinatosha, lakini "Mwakeye" ya asubuhi kwa Kiha itakufungulia milango, na mara nyingi mtoto atatumwa akusindikize hadi njia panda.

Kwa nini siku nyingine njia ya ufukweni inakuwa imefungwa na samaki?

Kwa sababu ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri siku za giza. Siku hizo usiku ziwa linawaka kama mji mwingine, na asubuhi ufukwe mzima unatandazwa dagaa wa kukaushwa. Usikanyage, usiruke juu. Zunguka kwa juu hata kama ni mbali. Ule ni mshahara wa mtu umeanikwa. Siku za mbalamwezi fukwe zinakuwa tupu, wavuvi wanashona nyavu na wana muda wa mazungumzo, na njia inakuwa fupi. Kwa hiyo tazama kalenda ya mwezi pamoja na ya mvua.

Picha za kina mama wanaoanika: omba. Ukikataliwa, nunua dagaa kidogo uendelee na safari.

Nitakula nini nikilala?

Ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwa hili, kama una bahati umeungwa kwa mawese mapya. Lipa bila kusubiri kuombwa.

## Ndani ya Gombe

Nikifika Mtanga si niendelee tu kwa miguu hadi hifadhini?

Hapana. Mtanga ndicho kijiji cha mwisho kusini, na mpaka uko pale pale, lakini usijiingilie mwenyewe. Panda boti hadi Kasekela, jiandikishe, lipia na upewe mwongozaji. Malipo ni ya kielektroniki kwa kontroli namba, na viwango vinatofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki na wageni wengine, kwa hiyo uliza TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla ya kuondoka mjini kwenye mtandao wa uhakika. Ndiyo, mstari wako wa miguu utakuwa na pengo la boti hapo (tazama swali la mwisho).

Kuna nini cha kutembea pale?

Gombe ni ndogo, kilomita za mraba kama 35 za nchi kavu, ila imekunjwa. Mabonde yenye vijito yanashuka sambamba kutoka kwenye mgongo wa milima hadi ziwani: Mkenke, Kakombe, Kasekela, Rutanga, Mitumba na mengine. Ramani inakuambia umbali mfupi. Magoti yanakuambia vingine. Kila bonde lina msitu chini, na ukipanda unatokea kwenye miti michache, kisha nyasi za juu.

Siku ya kwanza panda Kakombe hadi kwenye maporomoko. Ni njia ya kivuli, unyevu, mizizi mikubwa, na sauti ya maji inakufikia kabla hujayaona. Ukiwa na pumzi endelea hadi Kilele cha Jane, pale Jane Goodall alipokuwa akikaa na darubini yake baada ya kufika Julai 1960, sokwe wakiwa bado wanamkimbia. Mwaka huohuo aliona sokwe akitumia kijiti kuvua mchwa kwenye kichuguu, jambo ambalo watu waliamini hufanywa na binadamu peke yake. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Ukikaa pale juu dakika kumi bila kuongea utaelewa kwa nini alichagua mahali hapo: mabonde mawili yanasikika kwa pamoja.

Sheria za sokwe ni zipi?

Barakoa, umbali wa mita 10, saa moja tu mkishawapata, na mwenye mafua abaki kambini. Magonjwa ya njia ya hewa ya binadamu yameshaua sokwe, kwa hiyo hapa hatuna mzaha. Tulishamwacha mwenzetu Kasekela kwa kikohozi alichokiita "cha vumbi". Alinuna mpaka Kibirizi.

Usile mbele yao, na wakija upande wako wapishe. Hakuna anayeweza kukuahidi kwamba utawaona.

Nina mtoto wa miaka 10. Nije naye?

Vipande viwili vya kwanza, ndiyo, akiwa mzoefu wa kutembea. Kufuatilia sokwe Gombe umri wa chini ni miaka 15.

Kuna simba? Tembo?

Hakuna. Wanaokusumbua Gombe ni nyani. Wanajua zipu, wanajua mifuko ya plastiki, na wanajua nani mwoga. Usitembee na ndizi mkononi, usiache mlango wazi, na wakishachukua kitu usikigombanie. Wa pili ni siafu wakati wa mvua: tazama chini kabla ya kusimama kupumzika.

Kipande cha nne kinakuwaje?

Mwongozaji atachagua kati ya ufukwe na miteremko kulingana na hali. Tunapenda ufukwe asubuhi na msitu mchana. Mitumba ni kaskazini, kuna utulivu kuliko Kasekela, na kutoka hapo Mwamgongo hakuko mbali. Panga na mwongozaji mapema mahali mtakapoagana, na uhakikishe boti ya kesho yake kabla hujamruhusu aondoke.

## Maswali ya pembeni

Naweza kwenda peke yangu?

Nje ya hifadhi inawezekana, ila hatupendekezi, hasa kipande cha pili. Ukiteguka mguu kwenye mteremko, mtandao wa simu haupo kila mahali. Mwanamke anayetembea peke yake atasindikizwa sana na kuulizwa mume yuko wapi. Wenzetu wa kike hutafuta binti wa kijijini wa kuwaongoza na kumlipa. Dharura kubwa inakwenda Hospitali ya Maweni mjini, kwa boti, kwa hiyo acha akiba ya nauli ya kukodi boti nzima.

Nikitaka kuendelea baada ya Mwamgongo hadi Kagunga?

Hapo unakaribia Burundi, na hatuhesabu kama sehemu ya njia yetu. Ukienda, beba hati zako na ripoti kila kijiji.

Na Hifadhi ya Taifa ya Mahale? Naweza kuitembea kwa vipande pia?

Ni jambo jingine kabisa. Mahale ina kilomita za mraba 1,613, iko kusini mbali, na ndani yake hakuna barabara. Kila kitu ni miguu na boti. Mlima Nkungwe una mita 2,462, na kuupanda ni safari ya siku kadhaa na askari mwenye silaha, kwa maana kule wanyama wakubwa wapo. Nauli peke yake inakufanya ukae siku nyingi ukishafika. Maliza huku kwanza.

Nilipita Mtanga hadi Kasekela kwa boti. Bado naweza kusema nimetembea njia yote?

Sisi tunasema ndiyo, kwa sababu pengo hilo limewekwa na sheria ya hifadhi, halikuwekwa na uvivu. Aliyepanda boti Kalalangabo hadi Mtanga kwa sababu ya jua tunamwandikia vipande vitatu kwenye daftari letu, na nafasi ya cha pili tunaiacha wazi.